Msanii Hajulikani: Hajulikani na Nani?

Ukiingiza CD ya Michael Jackson kwenye kompyuta yenye intaneti, majina yanakuja kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Jina la albamu, mwaka, kila wimbo na dakika zake, na picha ya jalada juu. Ukiingiza CD ya kwaya ya kigango kimoja cha hapa Turiani, yenye sauti za watu ambao nikitoka sasa hivi nitawafikia kwa miguu kabla ugali haujaiva, kompyuta inaandika: Msanii Hajulikani. Albamu Haijulikani. Wimbo wa 1, Wimbo wa 2, hivyo hivyo mpaka Wimbo wa 9.

Nimeishi na maneno hayo miezi minne sasa. Mtu anaweza kuyachukulia kama tatizo la mashine tu, la kubonyeza hapa na pale likaisha. Mimi naona ni swali la maadili, tena gumu: hajulikani na nani? Na mimi ninayemjua, nina deni gani kwake?

Kazi yenyewe nimeirithi. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kiwanda cha sukari pale Mtibwa, na kila alipokwenda Morogoro mjini alirudi na mikate na CD. Alipofariki aliacha kabati lenye CD 186, sabufa, na deki ya kukwamakwama. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kabati lile kumwangukia mpwa. Vijana wa nyumbani hawalihitaji, muziki wao uko kwenye simu. Aliyenisukuma nianze ni mama mkubwa. Marehemu alikuwa mdogo wake wa kumfuata, na alitaka kusikia tena vitu vyake, na deki nayo ilikuwa imeshagoma kabisa.

Haraka ilikuwepo pia kwa sababu ya hali ya hewa. Turiani tuko chini ya milima ya Nguru, mvua hatudai, na msimu wa kuchoma miwa majivu meusi yanaingia mpaka kwenye droo. CD ya kiwandani ina vishimo vidogo sana vilivyogongwa kwenye plastiki, juu yake utando wa alumini; ukiitunza inakaa miaka mingi. CD ya kuchoma, ile tupu unayonunua ukaijaza mwenyewe, haina vishimo. Sauti yake imeandikwa kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo hupauka kwa joto na mwanga. Mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania waliichunguza CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu, wakakuta kuvu inaitafuna plastiki na alumini yake. Sasa fikiria kabati la mjomba.

Kuhamisha sauti kwenda kwenye kompyuta si kazi ngumu. Kwa kila sekunde ya muziki, CD inabeba vipimo 44,100 vya sauti kwa spika ya kushoto na vingine 44,100 kwa ya kulia. Dakika moja inakaribia megabaiti 10. Nimehifadhi kwa FLAC, muundo unaopunguza ukubwa kwa karibu nusu bila kutupa chochote, badala ya MP3, ambayo hutupa vile inavyodhani sikio halitavikosa. Unafuta vumbi, unaingiza, unasubiri, unatoa, unaingiza nyingine. Sauti ilikuwa kazi ya wiki tatu za jioni. Majina ndiyo yaliyokula miezi minne.

Wengi wetu tunadhani majina yameandikwa ndani ya CD yenyewe. Mara nyingi hayamo. CD ya kawaida ya muziki ina orodha moja tu mwanzoni: wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi. Programu inachukua vipimo hivyo, inavipeleka kwenye hifadhidata ya intaneti na kuuliza: kuna mtu anaifahamu CD yenye urefu kama huu? Hifadhidata kubwa ya kwanza ya namna hiyo iliitwa CDDB, ikaanzishwa na Ti Kan mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliyoijaza walikuwa watu wa kawaida. Mtu alinunua CD yake, akakaa akaandika majina ya nyimbo moja baada ya nyingine, akayatuma bure ili wa pili asisumbuke. Baadaye CDDB ikageuka kampuni, Gracenote, na ile kazi ya bure ikawa mali ya kuuzwa. Mwaka 2008 Sony wakainunua. Wasioridhika walikuwa wameshaanzisha nyingine za wazi: freedb, ambayo ilifungwa mwaka 2020, na MusicBrainz, ambayo ipo hadi leo na bado inajazwa na watu wa kujitolea.

Kwa hiyo kompyuta haimjui Michael Jackson hata kidogo. Kuna mtu alimwandika. Na inaposema mwimbaji wa Turiani hajulikani, kumbe inatusema sisi. Inasema: mliomjua hamjaandika.

Nikazigawa CD za mjomba mafungu matatu, na kila fungu likaja na ugomvi wake wa majina.

Fungu la kwanza ni CD za kiwandani: rumba la Kongo, reggae, taarabu kidogo, na dansi letu la Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Mlimani Park, Msondo. Hapa majina yapo, ila kompyuta inang'ang'ania kisanduku kimoja: msanii. Msanii nani? Mbaraka Mwinshehe ana nyimbo alizopiga na Morogoro Jazz na nyingine alizopiga na Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973. Jalada moja linamwita Mbaraka Mwinshehe, jingine Mbaraka Mwaruka, jingine linataja bendi tu, na kwenye kompyuta mtu mmoja akawa watatu, kila mmoja na folda yake. Msondo ni kinyume chake. Bendi moja ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mzee yeyote wa dansi atakwambia ni nyumba ile ile. Kompyuta inaona bendi nne zisizofahamiana.

Na ndani ya wimbo mmoja wa dansi kuna mtunzi, kuna waimbaji wawili watatu, kuna mpiga solo, kuna wapuliza tarumbeta na saksafoni. Mjomba alikuwa na tabia ya kusema "hapo anaingia fulani" nusu sekunde kabla fulani hajaingia. Kisanduku kile kimetengenezwa na watu wanaoamini wimbo una mwenyewe mmoja. Kwenye dansi mwenye wimbo ni kama mwenye harusi: yupo, anajulikana, lakini akibaki peke yake hakuna shughuli.

Tusidhani jina hapa ni mapambo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Piga hesabu: nyimbo alizotunga zimo ndani ya ulinzi hadi mwaka 2029. Sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kwamba ndiye aliyetunga, haki ambayo iko mbali na ile ya pesa. Lakini haki zote mbili zinaingilia mlango mmoja, nao ni jina. Wimbo usio na jina hauna mdai.

Fungu la pili linaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Hizi ni CD za vibandani, zile za MP3, nyimbo mia na kitu kwenye CD moja. Mnazikumbuka wadau: jalada la fotokopi, picha ya mtu asiyehusika, na kichwa cha habari kwa kalamu ya wino mzito. Kijana wa kibanda ndiye aliyezibatiza nyimbo: "Zilipendwa 14", "Mpya Mpya 3", "Kali ya Baba". Simlaumu sana. Alikuwa anawauzia muziki watu wasio na njia nyingine ya kuupata, na bila vibanda vile nusu ya kabati la mjomba lisingekuwepo. Lakini tazama kilichotokea njiani. Wimbo ulitoka studio ukiwa na jina la mtunzi, bendi na wimbo wenyewe. Ulipofika Madizini ni "Zilipendwa 14". Hakuna aliyekaa chini akapanga kumdhulumu mtu. Kila mkono ulidondosha kidogo: wa kwanza mtunzi, wa pili bendi, wa tatu jina la wimbo. Dhuluma nyingine hazina mwizi. Zina wavivu kumi.

Na si wavivu peke yao. Hata mtu mwangalifu anadondosha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Kenya na Tanganyika na mashine ya kurekodi, akawa anaandika maelezo ya kila wimbo: mahali, kabila, ala, jina la anayeongoza. Huko Kapkatet, kwa Wakipsigis, alirekodi wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Santuri zake zilifika huko, watu wakalisikia jina lake na kulitamka kwa ulimi wao, wakamtungia wimbo kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Waimbaji wameandikwa hivi: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Jina moja, halafu "wasichana".

Hebu tulia na hilo kidogo. Wasichana wale walimpa jina mtu ambaye hawakumwona hata siku moja, wakalibeba, wakaliimba. Aliyewarekodi alikuwa amesimama mbele yao, akaandika "wasichana". Na bado tumshukuru, kwani bila yeye tusingekuwa hata na hilo jina moja. Rekodi zake zinatunzwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini, na mwaka 2015 ilisimuliwa habari ya nakala kurudi kwa Wakipsigis, miaka 65 baada ya kurekodiwa. Kati ya wazee waliorekodiwa enzi zile, walikuwepo waliokuwa bado hai. Yaani miaka yote hiyo, wakati ulimwengu unasikiliza sauti zisizo na wenyewe, kulikuwa na watu kijijini ambao wangejibu swali hilo kabla chai haijapoa. Hawakuulizwa tu.

Hapo ndipo nilipofunga folda za dansi nikahamia fungu la tatu, ambalo sasa naamini lilistahili kutangulia. Ni CD 37 za kuchoma. Kwaya za kigango, harusi, kipaimara, ngoma za mavuno, sherehe ya kustaafu ya mtu. Mjomba alikuwa na kinasa sauti kidogo, na kila penye watu alikuwepo nacho. Kwenye CD kaandika kwa kifupi kifupi: "Harusi", "Kwaya 2", "Ngoma J'mosi". Mbaraka na Michael Jackson wana watu wengi wa kuwatunza duniani. Hizi 37 ziko kwenye nyumba moja tu, na anayejua kilichomo ni mtu mmoja tu.

Basi tukakaa, mimi na mama mkubwa, jioni baada ya jioni. Nilikuwa nawasha, yeye anasikiliza akiwa anachambua mchele.

"Huyu anayeanzisha ni nani, mama mkubwa?"

"Rudisha. Ee, hapo. Huyo mke wa mwalimu, wale waliohamia Kilosa. Anayemjibu ni binti wa fundi seremala, yule aliyefariki kabla kanisa halijaezekwa. Besi zote mbili ni ndugu, usiandike mmoja ukamwacha mwingine, watanuna."

"Na huyu anayekohoa?"

Akaacha mchele. Akaniambia nirudishe tena, na tena. "Huyo ni mjomba wako," akasema. "Alikuwa kashika kinasa sauti."

Hakuna hifadhidata ya dunia hii itakayokuja kukitambua kikohozi kile. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa lichukuliwe kutoka kwenye makala hii hata kama mengine yote yatasahaulika: sauti inaweza kusubiri, majina hayawezi. Mama mkubwa ana miaka 78. CD ya kwaya, pamoja na ukungu na majivu yote ya Turiani, ingeweza kujikongoja miaka mingine kadhaa. Kama ningeanza na kile ambacho kila mwongozo unakushauri, yaani okoa sauti kwanza mengine baadaye, na huyo baadaye asingekuwepo wa kuuliza, ningebaki na mafaili safi kabisa, yasiyo na mkwaruzo, ya watu wasiojulikana.

Nadhani jambo hilo ni kubwa kuliko kabati letu. Bendi zetu nyingi za zamani zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zile za mviringo zikabaki kwenye hifadhi ya redio. Mwaka 2012 Tanzania Heritage Project walichangisha fedha kwenye intaneti ili kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta. Ni kazi ya heshima. Ila tunapozungumzia akiba kama ile, huwa tunazungumzia mikanda: inaoza, mashine za kuichezesha zimekwisha, pesa hakuna. Pembeni ya kila mkanda kuna kundi dogo la wazee wanaokumbuka nani alipiga besi siku ile, na nani alikuwa mgonjwa nafasi yake ikazibwa na mwingine. Mkanda unaoza taratibu. Kundi lile linapungua kila msiba.

Sasa, nimepata wapinzani, na wana hoja.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniambia nyimbo za ngoma ni za wote, na kumwandika mtu mmoja ni kuwaibia wengine. Bibi wa bibi yake aliuimba, naye hakuutunga. Kuhusu wimbo, nakubaliana naye. Wimbo wa mavuno ni wa ukoo mzima na wala sitaki kuupachika mtunzi. Lakini kwenye CD ile hakuna ukoo. Kuna mwanamke fulani, jioni fulani, anayevuta pumzi kabla ya kuita, na wenzake wanaoitikia. Wimbo ni wa wote, pumzi ni ya mtu. Tukisema "ni mali ya jamii" tukaishia hapo, tunajipa ruhusa ya kutokumuuliza yeyote jina lake, na neno jamii linakuwa adabu ya kufunikia uvivu. Kwa hiyo nimeandika yote mawili: wimbo wa Wanguu, anayeita ni fulani, wanaoitikia ni hawa, mmoja mmoja, kwa kadiri mama mkubwa alivyowatambua.

Hoja ya pili ni ya wanaoogopa uongo. Kumbukumbu ya mtu wa miaka 78 nayo inateleza, na jina lisilo sahihi ni baya kuliko nafasi tupu, maana nafasi tupu inaalika swali na jina linalifunga. Kweli kabisa. Ndiyo maana kila jina nimeliwekea shahidi wake: "kwa maelezo ya mama mkubwa", na tarehe tuliyosikiliza. Penye shaka nimeandika shaka. Penye watu wawili waliobishana nimeandika ubishi wao. Na pale ambapo hakuna aliyejua, sikuliacha lile neno la kompyuta. Nimelifuta nikaandika: Bado Tunauliza. Nyimbo 41 ziko hivyo. Unaweza kusema ni mchezo wa maneno, lakini jaribu kuyasoma yote mawili kama vile wewe ndiye uliyeimba. "Hajulikani" inakufungia mlango. "Bado tunauliza" inakwambia kuna mtu anakutafuta.

Hoja ya tatu haikutoka kwa rafiki wala msomi. Kulikuwa na CD moja isiyo na maandishi hata nukta. Nilipoiwasha zikatoka sauti za wanawake, kigelegele, ngoma moja ndogo. Sekunde chache tu. Mama mkubwa akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Baba, hiyo itoe."

Nikaitoa.

"Hizo ni za ndani, za kumfunda mwali. Mwanaume hazisikilizi. Aliyerekodi simjui na sijui ilifikaje kwenye kabati la mdogo wangu, ila haikuwa yake, na yako siyo." Akaichukua, akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo chumbani.

Mtu wa maktaba angenisihi nimbembeleze. Angesema nyimbo hizo ndizo zinazokwisha haraka kuliko zote, kwamba mabinti wa siku hizi wanafundwa kwa saa mbili ukumbini, kwamba CD ile ni ya kuchoma na rangi yake inapauka humo humo ndani ya kanga. Yote ni kweli, na inaniuma. Lakini nikijiuliza nina deni gani kwa wanawake waliomo, jibu linakuja lenyewe. Waimbaji wa kwaya walisimama mbele ya watu ili wasikike. Kwao deni langu ni jina. Hawa waliingia ndani wakafunga mlango. Kwao deni langu ni mlango. Lugha yetu ina maneno mawili kwa hali hizi: kuna kusahauliwa na kuna kusitiriwa. Kompyuta inaziandika zote kwa neno moja, Hajulikani, na haiwezi kuzitofautisha hata ukiiongezea kumbukumbu mara elfu. Anayezitofautisha ni mtu aliyelelewa humo. Ile CD haimo kwenye kompyuta. Ikioza, itaoza mikononi mwa mwenye haki ya kuamua.

Na hii ndiyo sababu, kama mmeangalia vizuri, sijataja hapa jina hata moja la mwanakwaya wala la mpiga ngoma wa Turiani, mimi ninayepiga kelele za majina tangu aya ya kwanza. Majina yao yapo kwenye mafaili yao, pembeni ya sauti zao, kwa sababu waliimba wakijua kinasa sauti kipo. Hawakuimba ili wasomwe na sisi humu. Jina ni la mwenyewe hata unapolitunza wewe. Linawekwa linapomfaa.

Nilipomaliza zile 37, nilizigawa kwenye fleshi tatu. Moja iko kwetu, moja nimempa mwalimu wa kwaya, moja iko kwa ndugu yetu Dar es Salaam, kwa sababu nyumba ikiungua fleshi mbili za mtaa mmoja ni kama moja. Sikuzipeleka kwenye intaneti. Kama kwaya yenyewe itataka, wao ndio wataamua, na nimewaeleza kwamba MusicBrainz inapokea majina ya mtu yeyote, wa Turiani kama wa Texas, ilimradi kuna mtu wa kukaa na kuandika.

Wiki iliyopita alikuja binti mmoja wa kwaya, wa kidato cha tatu. Alikuwa ameona jina la bibi yake kwenye simu, wimbo unapoanza. Nilidhani amekuja kushukuru. Kumbe alikuwa na dai. Jina nililoandika ni la ubatizo, na ndilo mama mkubwa alilonipa, ila hakuna mtu mtaani aliyemwita hivyo. Wote walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. "Wakisoma hili hawatajua ni yeye," akasema. Mama mkubwa, kutoka jikoni, akapaza sauti kwamba kanisani jina ni la ubatizo. Binti hakukubali. Wakabishana kwa heshima, shikamoo kwanza, kama robo saa hivi.

Nikaandika yote mawili. Kile kisanduku kinapokea herufi nyingi kuliko tunavyodhani.